Chumbe: mgeni analipa, mvuvi analinda, nani anaamua?

Ukitoka Mbweni kwa boti kuelekea kusini-magharibi ya Unguja, utakiona kisiwa chembamba chenye mnara wa taa. Hicho ndicho Chumbe, hifadhi ya bahari inayosimamiwa na kampuni binafsi. Urefu wake unazidi kilomita moja kidogo tu, na upana wake ni kama mita 300. Hakuna kijiji wala konde. Kuna msitu uliomea juu ya jiwe la matumbawe ya kale, mnara uliojengwa mwaka 1904, na msikiti mdogo walimokuwa wakisali watunza taa. Upande wa magharibi, karibu kabisa na ufukwe, upo mwamba ambao watafiti wamehesabu humo aina zaidi ya 200 za matumbawe magumu na zaidi ya 400 za samaki. Ni utajiri mkubwa kwa sehemu ndogo kiasi hicho, na uko umbali wa safari fupi kutoka Mji Mkongwe, penye bandari, mahoteli na madiko, yaani mahali wavuvi wanaposhushia samaki, yanayotegemewa na maelfu ya watu.

Kisa cha Chumbe husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mgeni aliyekuja na fedha akaokoa mwamba. Nakiona kwa namna nyingine. Fedha za wageni zilikuwa na kazi yake, na nitaieleza, lakini kilichouweka hai mwamba ule kwa zaidi ya miaka 30 ni wavuvi wa vijiji vya jirani waliokubali kazi ya kuwazuia wavuvi wenzao kwa maneno matupu, bila silaha. Na lililobaki bila kukamilika hadi leo ni sauti ya vijiji hivyo katika maamuzi. Nataka kuyaangalia yote mawili, kwa sababu kila penye mazungumzo ya kuwashirikisha wananchi na watalii kuhifadhi matumbawe, jina la Chumbe hutajwa, na anayetaka kuiga anapaswa kujua anaiga nini hasa.

Kwanza tuanze na jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita mbio. Kabla ya hifadhi, mwamba wa magharibi ya Chumbe haukuwa ukivuliwa sana. Uko kando ya njia ya vyombo vinavyokwenda na kurudi Dar es Salaam, na pwani inayoelekeana nao ilikuwa eneo la jeshi, kwa hiyo ngalawa na mitumbwi haikuruhusiwa kuzurura hapo. Kwa maneno mengine, bahari ilikuwa imefungwa nusu kabla ya yeyote kutamka neno hifadhi. Pale marufuku rasmi ilipokuja, haikumnyang'anya mtu mwamba aliourithi kwa babu yake. Upande wa mashariki wa kisiwa ukaachwa wazi kwa wavuvi wadogo kama zamani.

Hili lina uzito mkubwa. Chukua mwamba ambao wanawake wa kijiji kizima huuteremkia kila bamvua kutafuta pweza na chaza, halafu waambie kuanzia kesho umefungwa. Hapo umegusa mboga ya usiku huo huo, ada ya madrasa na mchango wa kikoba. Chumbe haikuwahi kulibeba deni la namna hiyo. Anayekwenda kufunga mwamba unaovuliwa kila siku, akasema tumefanya kama Chumbe, amesahau kwamba yeye anaanza na gharama ambayo Chumbe haikulipa. Gharama hiyo lazima ailipe mtu, na isipolipwa na mradi italipwa na wale wanawake.

Mwaka 1991 Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyekuwa amefanya kazi za maendeleo Tanzania, alipeleka pendekezo lake serikalini. Zanzibar ilikuwa imeanza kuwafungulia wawekezaji milango katikati ya miaka ya 1980, na hoteli zilikuwa zikichipua pwani ya mashariki. Wakati huo huo miamba mingi ilikuwa ikiharibiwa: juya likiburutwa juu ya matumbawe, wavuvi wakigonga mwamba ili samaki wakimbilie wavuni, matumbawe yakichimbwa na kuchomwa kuwa chokaa, na upande wa bara baruti ikilipuliwa baharini mchana kweupe. Tanzania haikuwa na hifadhi ya bahari iliyokuwa ikisimamiwa kweli. Sheria ya hifadhi za bahari ya Tanzania Bara ilipitishwa mwaka 1994, na Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ikafuata mwaka 1995.

Kampuni ya Chumbe Island Coral Park iliandikishwa mwaka 1992. Mwishoni mwa mwaka 1994 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikautangaza rasmi mwamba wa magharibi kuwa eneo lisilovuliwa, na msitu wa kisiwa kuwa msitu uliofungwa. Usimamizi ukakabidhiwa kampuni hiyo kwa mikataba, jambo lililokuwa geni kabisa wakati huo: bahari na mwamba vinabaki mali ya umma, lakini anayevitunza ni kampuni binafsi ambayo haikuanzishwa kwa ajili ya kugawana faida. Kupitia idara moja hadi nyingine kulichukua miaka. Gharama za kuanzisha zilizidi dola milioni moja za Marekani, zikitoka kwa mwanzilishi mwenyewe, kwa wafadhili, na kwa jasho la watu waliojitolea. Wageni wa kulala walianza kupokelewa mwaka 1998.

Sasa angalia mpangilio wa miaka hiyo, kwa maana ndani yake kuna uamuzi ambao kwangu mimi ni bora kuliko yote yaliyofanywa pale. Walinzi wa kwanza walichukuliwa na kuanza kufundishwa tangu mwaka 1992. Hakukuwa na kitanda hata kimoja cha mgeni wakati huo, wala senti ya utalii. Kwa miaka kama sita mishahara ya walinzi ilitangulia mapato. Miradi mingi ninayoijua ya pwani hufanya kinyume: hujengwa hoteli, husubiriwa wageni, kisha ndipo husemwa kwamba sehemu ya faida itakwenda kwenye uhifadhi. Faida ikichelewa, na katika hoteli mpya faida huchelewa, mwamba unakaa bila mtu. Kwa miaka mitatu au minne ya kungoja, juya moja linaweza kumaliza matumbawe yaliyokua tangu kabla ya Mapinduzi, kwa sababu tumbawe kubwa la duara hukua kwa kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka.

Na walinzi hao walikuwa nani? Wavuvi. Watu wa vijiji vya upande ule wa Unguja, wanaojua bamvua na maji mafu, wanaojua kusi likianza chombo gani kitoke na kipi kibaki, wenye kutambua mtu ni wa diko gani kwa kutazama tanga lake tu. Walifundishwa kuogelea kwa miwani ya maji na bomba la kupumulia, kutambua samaki na matumbawe, kuokoa maisha, kuandika kumbukumbu za doria, na kuzungumza Kiingereza ili waweze kuwaongoza wageni. Lakini kile walichokuja nacho wenyewe, ndicho ambacho hakuna chuo kingeweza kuwapa.

Fikiria doria inavyokwenda. Mtumbwi umeingia ndani ya mpaka, watu wawili wanatupa mishipi. Mlinzi anawakaribia na boti. Hana bunduki, hana pingu, na hana mamlaka ya kumpiga mtu faini papo hapo. Anatoa salamu kamili, anauliza hali ya nyumbani, anauliza samaki leo wako wapi. Kisha anaeleza: hapa pamefungwa, mpaka ni boya lile, humu ndimo changu na chewa wanamokua mpaka wakawa wakubwa, na samaki jike mkubwa hutaga mayai mengi mno kuliko wadogo kadhaa wakijumlishwa, mayai na vifaranga havijui mpaka, vinachukuliwa na mkondo hadi huko unakovua wewe. Akiondoka anaandika: siku, saa, aina ya chombo, zana, waliyoyasema. Kumbukumbu hizi zimekusanywa kwa miaka mingi, na ndizo zinazoonyesha nani anarudia, msimu gani una usumbufu zaidi, na mtego gani mpya umeingia baharini.

Mazungumzo yale yale yakifanywa na ofisa aliyetoka mjini na buti zake yangeishia kwenye ugomvi. Mvuvi humsikiliza mvuvi. Anajua huyu naye amewahi kurudi nyumbani na dema tupu, kwa hiyo akimwambia vumilia, neno lina mtu nyuma yake. Tena walinzi wa Chumbe wamekuwa wakiwasaidia wavuvi walioharibikiwa na mashine au kuzidiwa na upepo, kwenye bahari ambayo chombo cha uokozi hakifiki haraka. Mtu aliyekuvuta usiku kutoka kwenye mawimbi, asubuhi ukimkuta kwenye mpaka wa hifadhi huwezi kumtukana. Huo ni ulinzi wa kweli, na sheria peke yake haiwezi kuununua.

Nisiufanye wepesi lakini. Mlinzi huyu anarudi kijijini kwake. Anaowazuia ni mashemeji, majirani, pengine aliyemfundisha kuvua. Mwezi wa Ramadhani, samaki wanapopanda bei, shinikizo huwa kubwa zaidi, na anayeishi karibu na diko hahitaji kuelezwa macho ya watu yanavyomtazama mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Ni kazi yenye upweke ndani yake, na wanaostahili kusifiwa kwanza katika kisa hiki ni wao.

Na wapo wa dago. Makubaliano na vijiji jirani hayawafungi wavuvi wanaohama kwa msimu kutoka Pemba, kaskazini mwa Unguja au bara, wanaopiga kambi ufukweni kwa wiki kadhaa kisha wakaenda zao. Hawakuwepo kwenye kikao, hawana mtoto katika skuli ya pale, na hasara ya mwamba wa watu wengine haiwafuati nyumbani. Kwa hao, maneno matamu yana mpaka wake. Inabidi sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia, pamoja na bwana diko na kamati ya wavuvi wasimame upande wa mlinzi, maana wao ndio wanaompokea mgeni wa dago na kumpa ruhusa ya kukaa. Pale ambapo kijiji kimeuona mwamba kuwa wake, mgeni wa dago huambiwa masharti siku anayoshusha tanga. Pale ambapo kijiji kinaona mwamba ni wa kampuni, hakuna atakayejisumbua. Hapo ndipo suala la maamuzi linapoanza kuuma, nami nitalirudia.

Tuje kwa wageni. Chumbe ina bangaloo saba tu. Wageni wa kutwa hupokelewa kwa idadi ndogo, kama nafasi ipo. Hakuna kuzamia kwa mitungi ya hewa isipokuwa kwa ajili ya utafiti. Watu huelea juu ya maji wakiongozwa na mlinzi, baada ya kuelezwa kwamba tumbawe ni mnyama hai na mguu mmoja ukilikanyaga unavunja kilichochukua miaka mingi kukua. Boti hufungwa kwenye maboya ya kudumu ili nanga isishushwe juu ya mwamba. Maji ya matumizi hukingwa kutoka kwenye mapaa wakati wa mvua, umeme ni wa jua, vyoo havitumii maji bali hugeuza uchafu kuwa mboji, na maji ya kuogea hupitishwa kwenye vitalu vya mimea iyafyonze kabla hayajafika baharini.

Mtu anaweza kudhani mambo ya vyoo ni urembo wa kuwafurahisha Wazungu. Sivyo. Maji machafu yakitiririka kwenye mwamba hulisha mwani. Mwani ukineemeka hulifunika tumbawe na kulinyima mwanga. Hoteli inaweza kuwa na mabango ya kuhifadhi bahari kila kona ya mapokezi, na bado mashimo yake ya choo yakawa yanauua mwamba ulio mbele ya madirisha yake. Ningekuwa sheha wa shehia yenye hoteli ufukweni, swali langu la kwanza kwa mwekezaji lingekuwa hilo: maji yako ya chooni yanakwenda wapi?

Kinacholipiwa Chumbe, na bei yake si ndogo, ni ule uchache. Mgeni analipa kwa sababu watu ni wachache, na kwa sababu mwamba uko kama ulivyo. Ukitaka kuona ushirikishwaji usio na kiasi, nenda Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ndani ya eneo la hifadhi ya Ghuba ya Menai lililotangazwa mwaka 1997. Wananchi pale wanashiriki kikamilifu: boti ni zao, manahodha ni wao, fedha zinaingia nyumbani kwao siku hiyo hiyo. Watalii pia wanashiriki. Lakini kwa miaka mingi boti zimekuwa zikiwazunguka pomboo kwa wingi, kila nahodha akimwahi mwenzake ili mteja wake arukie maji karibu zaidi, na watafiti wameandika jinsi wanyama hao wanavyokosa utulivu wa kupumzika na kula. Mwanakijiji ameshirikishwa, mtalii ameshirikishwa, na pomboo ndiye anayelipa. Kwa hiyo mtu akiniambia mradi wake unawashirikisha wananchi na wageni, sina haraka ya kupongeza. Nataka kujua kiwango cha juu ni wangapi kwa siku, na nani mwenye nguvu ya kusema leo basi.

Sehemu ya fedha za wageni hupelekwa kwenye jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote: safari za wanafunzi. Tangu miaka ya 1990 watoto wa skuli za Unguja wamekuwa wakipelekwa Chumbe bila kulipa, pamoja na walimu wao. Wanavishwa jaketi la kuelea, wanapewa miwani ya maji, na mlinzi anawashika mkono mpaka woga uwatoke. Wengi wao, na hasa wasichana, wamezaliwa kwenye kisiwa na kukulia umbali wa kutembea kutoka baharini, lakini hawajawahi kuingiza uso majini wakaona kilicho chini. Mtalii aliyetoka Ulaya jana anaujua mwamba wa Zanzibar kuliko binti wa Bububu. Hali hiyo hainipendezi hata kidogo, na kila mtoto anayerudi kutoka safari ile akiwa amemwona pono akitafuna mwani juu ya jiwe anaipunguza. Mitaala ya skuli ilikuwa ikiyagusa matumbawe juu juu, kwa hiyo kufundisha walimu pamoja na wanafunzi kulikuwa uamuzi mzuri.

Ningeomba mpango huo usiishie kwa watoto. Wanawake wanaolima mwani na kuokota pweza na chaza wanaukanyaga mwamba mara nyingi zaidi ya mtu yeyote, na vikao vya bahari bado huitishwa kana kwamba bahari ni ya wanaume wenye vyombo. Mama aliyeuona mwamba mzima kwa macho yake atakuwa na la kusema akirudi kwenye mwamba wake wa kila siku, na atalisema jikoni, kisimani na kwenye kikoba, mahali ambapo mlinzi wala ofisa hafiki.

Kuhusu maamuzi, Chumbe inayo kamati ya ushauri. Humo huketi viongozi wa vijiji jirani, maofisa wa idara za serikali kama uvuvi na misitu, na wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa miaka ya 1990 hilo lilikuwa hatua kubwa. Mahoteli mengi hayakuwa na hata benchi la kumkalisha sheha. Kamati husikia taarifa, hujadili, hushauri. Lakini kushauri si kuamua. Mwenye bahari kisheria ni serikali, mwenye mkataba ni kampuni, na kijiji ni mshauri. Mambo yakiwa mazuri tofauti hii haionekani. Huonekana siku vijiji vinapotaka kitu ambacho kampuni haikitaki, au siku kampuni inapobadilika mikono.

Linganisha na Kuruwitu, pwani ya Kilifi nchini Kenya. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kubwa na matumbawe ya pwani yetu yakapauka na kufa kwa wingi, na mwamba wa Kuruwitu ulikuwa tayari umechoshwa na uvuvi. Wazee wa pale waliokumbuka samaki wa ujana wao walikaa na wavuvi, wakabishana sana, na katikati ya miaka ya 2000 wakakubaliana kufunga hekta kama 30 ambazo walikuwa wakizivua. Walifunga mwamba wao wenyewe, kabla hata kanuni za Kenya za vikundi vya usimamizi wa fukwe hazijatoka mwaka 2007. Eneo hilo huitwa tengefu. Samaki walirudi, na wageni wakaja baadaye kuogelea na kulipa ada. Ada hizo hazifanani na mapato ya bangaloo za Chumbe, na kuna wakati walinzi wa kujitolea huchoka. Lakini swali la nani ameufunga mwamba lina jibu moja tu pale: sisi.

Halafu ipo njia ya Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, na vijiji vingine vya Zanzibar vinavyofunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache ili pweza akue, kisha wakafungua kwa siku waliyokubaliana. Utaratibu huo ulishika kasi kwanza kusini-magharibi mwa Madagaska miaka ya 2000. Hauhitaji mtalii. Pweza hukua upesi ajabu, hivyo kungoja miezi mitatu tu kunaonekana kwenye mizani, na kijiji kinauona ushahidi kwa mikono yake. Udhaifu wake nao uko wazi: siku ya kufungua watu humiminika kutoka kila upande, na kilichohifadhiwa kwa miezi kinaweza kuondoka kwa siku moja. Matumbawe yenyewe hayaponi kwa miezi mitatu.

Chumbe ina fedha na muda mrefu, ila uamuzi uko mbali na kijiji. Panza ina uamuzi, ila haina fedha ya kumlipa mlinzi mwaka mzima. Naamini vitu hivi vinaweza kukutana, na pa kukutania ni kwenye mkataba, si kwenye semina.

Mwaka 2020 ulitufundisha hatari ya upande wa fedha. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 538,000 mwaka 2019. Mwaka uliofuata, ndege ziliposimama kwa sababu ya korona, idadi ikashuka hadi 260,000 hivi. Kila hifadhi iliyokuwa ikiishi kwa vitanda vya wageni ilijikuta na walinzi wa kulipwa na hakuna wa kulipa, katika wakati ule ule ambao waliopoteza kazi mahotelini walikuwa wakirudi baharini kutafuta riziki. Mgeni akikosekana, mwamba unahitaji ulinzi zaidi, na fedha inapungua. Kwa hiyo hifadhi inayotegemea utalii bila mfuko wa akiba wa kulipa walinzi angalau mwaka mmoja imejengwa kwa hali ya hewa nzuri tu.

Na kuna joto. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, unaolitengenezea chakula kwa mwanga wa jua na kulipa rangi. Maji yakizidi joto lake la kawaida kwa wiki kadhaa, tumbawe huutoa mwani huo nje, likabaki jeupe na njaa. Likikaa hivyo muda mrefu hufa. Ilitokea mwaka 1998, ikatokea tena mwaka 2016, na mwaka 2024 wanasayansi wakatangaza wimbi la nne la dunia nzima la kupauka kwa matumbawe. Hakuna mlinzi wa kulizuia joto kwenye mpaka. Lakini kinachofuata baada ya joto kinategemea sana waliobaki majini. Mwamba wenye pono na kangaja wengi husafishwa mwani, na vifaranga vya matumbawe hupata jiwe safi la kushikilia. Mwamba uliovuliwa ukaisha hufunikwa, na hapo hakuna kinachoota tena. Kazi ya mvuvi-mlinzi inapimwa zaidi katika ile miaka mitano au kumi baada ya kupauka, na hiyo ndiyo sababu ajira yake haipaswi kupanda na kushuka pamoja na msimu wa wageni.

Mikataba ya kusimamia eneo la umma kama hili ina muda wake, na hufika siku ya kufanywa upya. Siku hiyo ndiyo ningependa viongozi wa vijiji vya jirani wasiingie ukumbini kusikiliza taarifa. Waingie kama upande wa tatu wa mkataba, saini yao ikihitajika kwenye mambo yanayowagusa: mpaka wa eneo lililofungwa, idadi ya juu ya wageni kwa siku, ajira ya walinzi, na sehemu ya kila usiku wa mgeni itakayowekwa kwenye mfuko wa akiba ambao hesabu zake zitabandikwa kwa Kiswahili dikoni. Serikali haitapoteza umiliki wake kwa kufanya hivyo, wala kampuni haitapoteza usimamizi. Mlinzi atakayekwenda kumzuia mvuvi wa dago kwenye boya atakuwa na nyuma yake kijiji kilichotia saini, na sheha hatakuwa na sababu ya kusema kwamba mambo ya kisiwa kile akaulizwe mwekezaji.